Vinu vya Pangani na Mashine Yetu

(Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa wanachama)



Chama kinatimiza miaka kumi, nasi tumetakiwa tuseme juu ya mashine yetu ya kusaga. Lakini kwa kuwa alasiri hii mtapiga kura, ama mashine ikodishwe kwa mfanyabiashara ama ibaki mikononi mwetu, tumeona yafaa kwanza tukumbuke vinu vingine vilivyopata kuzunguka katika pwani hii.

Katika karne ya 19, hasa baada ya mwaka 1860, kingo za mto Pangani zilijaa mashamba ya miwa. Wenye mashamba walikopa fedha kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Asali ya miwa na sukari guru zikapakiwa majahazini kwenda Unguja na ng'ambo. Ajuaye miwa ajua kwamba muwa ukisha katwa haungoji: maji yake huchacha upesi. Hivyo kukata, kukamua na kuchemsha hapana budi vifuatane, kinu kikizunguka na moto ukiwaka chini ya makarai.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa watumwa. Desturi ya pwani ilimwachia mtumwa siku mbili katika juma, Alhamisi na Ijumaa, alime konde lake mwenyewe. Kinu cha miwa hakikuijua Ijumaa. Haki ile ndogo, ambayo ndiyo iliyomlisha mtumwa na watoto wake, ikaanza kuliwa na kinu.

Mwaka 1873, ndio ule ule Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, watumwa wa mashamba ya Pangani walitoroka kwa wingi, wakajihami huko Kikogwe, kusini ya mto. Kikogwe twakusikia zaidi kwa sababu ya Dr. Hindorf, aliyepanda huko mwaka 1893 miche 62 ya mkonge iliyosalimika safarini. Mkonge watajwa kila siku; watoro hawatajwi. Hata Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita juu ya Wadachi mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa. Twamsifu kwa ushujaa wake, na ni haki. Lakini shamba lake nalo lililimwa na watumwa. Utumwa wenyewe haukufutwa na sheria Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Wala msidhani mambo haya yalikuwa ya kwetu tu. Huko Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1834, maskini wengi walioomba msaada walitiwa katika nyumba ya kazi. Wengine walisagishwa nafaka, wengine wakapondeshwa mifupa ya kufanyia mbolea. Mwaka 1845 ilibainika katika mji wa Andover kwamba njaa iliwafanya watu hao waitafune mifupa waliyopewa kuponda.

Sasa tuje kwa mashine yetu. Mama zetu wanakumbuka walivyokuwa wakibeba mahindi kichwani kwenda kusaga mbali, na kurudi usiku. Hayo yamekwisha. Lakini wanakumbuka pia kwamba mwaka juzi mashine ilisimama muda wa miezi miwili, kwa kuwa sisi halmashauri hatukuweka akiba ya vipuri. Kosa lile lilikuwa letu, na ndilo lililomfungulia mlango huyu bwana anayetaka kukodi.

Kodi anayotoa ni nzuri, hatukatai. Ila katika mkataba wake, bei ya kusaga debe moja ataipanga yeye, na saa za kufungua ni zake, na mwanachama asiye na fedha siku hiyo hataruhusiwa kulipa baada ya mavuno kama ilivyo sasa. Tulimwomba abadilishe fungu hilo la mwisho, akakataa.

Mkataba na daftari la mashine viko mezani, karibu na mlango. Asiyejua kusoma atasomewa na mjumbe yeyote amtakaye. Kura itaanza saa tisa.