Herufi za Zamani, Kompyuta ya Leo: Jasho ni la Nani?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa parokia, Komarock)



Nimeombwa niseme juu ya lebo na mabango, hasa ile michoro ya mtindo wa zamani ambayo vijana wetu wanaitengeneza kwa kompyuta. Nitaanza na kosa, na kosa lenyewe ni langu pia.

Kuna kikundi cha akina mama hapa Eastlands kinachosaga njugu na kuuza siagi yake. Mwaka jana walitaka lebo ya kuvutia macho. Kijana mmoja akapiga picha herufi zilizoandikwa kwa brashi kwenye kibanda cha zamani karibu na steji, akazitia kwenye kompyuta, akatoa lebo ya kupendeza kweli. Mimi nikampigia makofi. Baada ya wiki mbili akaja ofisini mzee mmoja, fundi wa kuandika mabango. Akaweka mkebe wa siagi mezani, akasema, "Mama, huu mkono ni wangu. Nimeujua kwa hii herufi K. Sasa mimi nimekula nini?" Nilikosa la kujibu.

Mwaijua hali. Tangu mashine za kuchapa mabango ya plastiki zifike mitaani, mafundi wa brashi wamepungukiwa na kazi. Na sasa watu wamechoka na herufi zinazofanana kila mahali. Wanatamani tena mkono wa zamani: picha za vibanda vya kinyozi, maandishi ya matatu, jarida la Joe lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973, na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Kompyuta inaiga tu uzuri huo. Waliouzaa ni watu, na wengine bado wako nasi.

Basi tulikaa chini na yule mzee. Akina mama walinung'unika kwamba faida yao ni ndogo, na ni kweli. Mwishowe walikubali kumlipa kwa awamu tatu. Leo anafanya kazi pamoja na vijana, na kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Fundi anaandika jina la bidhaa kwa brashi na wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Picha inapigwa mchana, simu ikiielekea karatasi sawasawa, herufi zisije zikapinda.

2. Picha inaingizwa kwenye Inkscape, programu isiyolipiwa. Programu hiyo inafuata kingo za herufi na kuzigeuza kuwa mistari. Hapo herufi zinaweza kupunguzwa ziingie kwenye stika, au kukuzwa zijae bango, bila kuharibika.

3. Kivuli: nakili herufi, ipe nakala rangi iliyokolea zaidi, isogeze kidogo chini na kulia, kisha iweke nyuma. Mafundi walichora kivuli ili jina lionekane kutoka mbali.

4. Rangi zisizidi tatu. Zamani kila rangi ilipigwa chapa peke yake na kuongeza gharama, ndiyo sababu michoro mingi ilikuwa na rangi chache.

5. Alama za uzee: finyanga karatasi, ikunjue, ipige picha, kisha uilaze juu ya mchoro kwa programu ya GIMP, nayo ni ya bure. Lakini kwa kiasi! Lebo ya chakula ikichakaa mno, mteja atafikiri siagi yenyewe imeoza. Uzito, tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho ya kutumia ziandikwe kwa herufi za kawaida, wazi kabisa.

Ndugu zangu, sikuja kuwatisha na mahakama. Nasema habari ya haki. Baba Mtakatifu Leo wa 13 aliandika juu ya ujira wa haki katika barua yake Rerum Novarum, mwaka 1891. Fundi wa brashi naye ni mfanyakazi. Kabla ya kupiga picha mchoro wa mtu, mtafuteni mwenyewe. Andikeni makubaliano: nani amechora, analipwa ngapi, mchoro utatumika wapi. Kila upande ubaki na nakala.

Leo kwenye mikebe ya akina mama wale, chini kwenye kona, kuna jina dogo la yule fundi. Juzi mwenye duka mmoja alilisoma, akamtafuta amwandikie ukuta wake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

- Mtaani kwetu nani bado anaandika kwa brashi? Tumewahi kumtembelea?
- Lebo yetu imetoka kwa mkono wa nani, naye alilipwa?
- Kijana gani wetu anaweza kukaa na fundi huyo ajifunze?