Maneno juu ya Kuhudhuria Tamasha la Michezo na Filamu Fupi



Nimeombwa niseme machache juu ya kuhudhuria tamasha. Filamu si ngeni hapa Kakuma. Mwaka 2001 FilmAid, shirika lililoanzia katika kambi za wakimbizi wa Kosovo mwaka 1999, lilituletea pazia na projekta, nasi tukaketi mchangani na watoto tukitazama. Lakini filamu nyingi zilitoka mbali. Katika tamasha, anayeonekana kwenye pazia ni jirani, na anayesema jukwaani ni kijana uliyempita asubuhi kwenye bomba la maji.

Kwa hiyo naona vibaya watu wanapoinuka. Mchezo mfupi ni kama dakika 15 tu. Wasudani wakianza wao, sisi Wakongo tunatafuta viatu. Tukianza sisi, Wasomali nao wanakunja mikeka. Mimi jinsi mahari inavyojadiliwa kwa jirani zangu nimeijua kwa kutazama mchezo wao, maana kuwauliza ningeona haya.

Wageni wetu wa mashirika, twajua masharti ya usalama yanawabana, na gari lenu huondoka mapema. Ila mchezo unaohusu mgao wa chakula vijana huuweka mwisho kwa woga, na waliokusudiwa kuusikia wamekwisha kwenda. Naomba uwe wa kwanza, mkiwa mmekaa mbele, na asiulizwe mtu aliuandika nani.

Sasa jambo la giza, ambalo ndilo zito. Projekta yataka giza, na jua letu huzama karibu na saa moja. Wazazi wengi hawawaruhusu binti zao kuvuka laga usiku, na wana haki. Basi yupo msichana aliyeigiza katika filamu, kambi nzima imemwona, yeye mwenyewe hajajiona.

Ndugu zetu wa Sahara Magharibi, katika kambi zao karibu na Tindouf nchini Algeria, wana tamasha la filamu lililoanza mwaka 2003, na mshindi hupewa zawadi iitwayo Ngamia Mweupe. Sisi ngamia hatuna, wenyeji wetu ndio wanao, nami sitawaomba leo. Ninachoomba ni darasa moja na maturubai ya kuziba madirisha, filamu zionyeshwe kwanza mchana. Michezo ianze saa nane. Kwa maonyesho ya usiku, kila bloku itoe akina mama wawili na wanaume wawili wa kuwarudisha wasichana hadi mlangoni.

Katibu ana daftari la kuandikisha majina. Bloku yangu imekwisha toa wanne wake. Nyingine zimfuate katibu kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi tunapanga zamu.