Gari Linalokula Tairi kwa Ndani

Msikilizaji, tairi la gari lililoshushwa halikuambii ukweli ukilitazama kwa nje. Kwa nje kashata zimejaa. Kwa ndani, kule kusikoonekana, tayari ni kipara, na pengine waya zimeanza kuchomoza. La mbele utaliona ukikata usukani mpaka mwisho. La nyuma mpaka ulale chini na tochi ya simu, na nani atalala chini na shati la ofisini? Ndiyo maana wengi huja kujua siku linapopasuka.

Hapo lawama zinaanza. Matairi ya Kichina haya! Barabara zetu hizi! Muuza matairi anatukanwa, kisha jozi mpya inafungwa kwenye mkao uleule ulioua ya kwanza.

Gari likishushwa, iwe kwa springi fupi za dukani au kwa zile zilizokatwa na grinda pembeni mwa barabara (za grinda mimi sizitetei hata kidogo), mikono inayoshika gurudumu inabadili mkao. Tairi linalala: juu linaingia ndani, chini linatoka nje, uzito unakalia ukingo wa ndani. Halafu pua yake inaacha kutazama mbele sawasawa. Kulala ndiko kunakolaumiwa kwa kuwa kunaonekana, lakini mlaji mkubwa ni hiyo pua. Ikipinda nusu digrii tu, kila kilomita moja tairi linaburuzwa kiubavu karibu mita 9. Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Ukifika, umeliburuza kiubavu zaidi ya kilomita moja na nusu juu ya lami, tena likiwa limelalia ukingo, na wewe ndani unasikiliza muziki.

Kiganja chako kinatosha kukupa jibu. Angalia waya kwanza, maana zinachoma, kisha kipitishe juu ya kashata kutoka ndani kwenda nje, halafu ukirudishe. Kikiteleza njia moja na njia nyingine kikakwaruzwa kama umeshika meno ya msumeno, pua imepinda. Tairi likiwa limelika upande mmoja lakini ni laini kote, hapo zaidi ni kulala. Lile la kukwaruza huvuma barabarani, na mvumo wake hufanana sana na wa beringi iliyokufa. Beringi nzima zimeng'olewa kwa sababu hiyo, na mvumo ukabaki palepale.

Sipingi kushusha. Mark X iliyoinama vizuri inapendeza, nani abishe? Ila ukipanga bajeti, usiishie kwenye springi. Zikishakaa, piga alaimenti ya magurudumu yote manne, ukianzia nyuma, kwa sababu mbele hupangwa kwa kufuata uelekeo wa nyuma. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Tairi likigoma kusimama, kuna boliti na mikono maalumu ya kulirudisha.

Fundi atakuambia: "Bosi, nyuma hakunaga alaimenti." Kwa Vitz au IST yuko sawa, ekseli ya nyuma ni kipande kimoja, na kushusha hakuigeuzi sana. Kwa Altezza, Crown na hiyo Mark X, boliti za kurekebisha zipo huko nyuma, ila mara nyingi zimeshikwa na kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia gereji, na asubuhi umwambie afungue.