Shawa Inapogoma Kupasha Maji

Ni asubuhi ya Julai jijini Nairobi. Mtu ameshajipaka sabuni mwili mzima, mara maji ya shawa ya umeme yanageuka baridi kama ya mtoni. Hita si lazima iwe imekufa.

Ndani ya shawa nyingi za aina hii kuna kiwambo cha mpira. Maji yakiingia kwa nguvu, kiwambo husukumwa, viunganishi vya umeme vikagusana na koili ikapata moto. Tangi la maji likiwa chini mno, msukumo hupungua na koili hubaki baridi. Maji yakiwa vuguvugu, huenda bomba limefunguliwa mno; kulipunguza kidogo hutosha.

Adui mwingine ni chumvichumvi ya maji ya kisima, inayoacha ukoko mweupe. Mwenye nyumba huzima kwanza swichi kuu, akafungua kisahani chenye matundu, akakiloweka kwenye siki na kukisugua kwa mswaki mkuukuu.

Koili iliyokatika ni kazi ya fundi umeme. Na anayetekenywa na umeme akigusa bomba, aache kuoga papo hapo hadi waya wa ethi ukaguliwe.