UZI: Bunduki ya kwanza ya mtoto. Ni mila, ni haki, ama ni hatari?

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi kwenye mjadala wetu wa sauti. Wengi mliniandikia kwamba mtandao uliwakatikia katikati, kwa hivyo nayaweka hapa kwa maandishi vile nilivyoyasema. Kanuni ya ukurasa huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunashika hoja.

1. Kwa nini tunaongea mambo ya Marekani?

Kwa sababu mnayaleta ninyi wenyewe. Kila kukitokea uvamizi, iwe ni wizi wa mifugo ama majambazi mtaani, siku hiyo hiyo lazima mtu aandike: "Wakenya waruhusiwe bunduki. Marekani hata mtoto wa miaka kumi anapewa yake." Mwingine anamjibu: "Ndiyo maana wanauana shuleni." Basi, mjadala umeisha. Kila mtu amevuna wafuasi wake na hakuna aliyejifunza kitu.

Wote wawili wamesema jambo lenye ukweli ndani yake, lakini wamechanganya vitu vitatu: mila, haki na hatari. Leo nataka tuvitenganishe.

Na wacha niweke wazi, jambo hili linanigusa. Dadangu ameolewa Wisconsin. Mwanawe, mpwa wangu, ana miaka kumi na mmoja. Baba mkwe wa dadangu amesema mwaka ujao kijana akifika kumi na miwili atapewa bunduki ya familia, kama walivyopewa baba yake na ami zake. Dadangu hana usingizi. Amenipigia simu kwa sababu huku kwetu mjomba ana neno lake katika malezi. Kwa hivyo nimelisoma hili jambo nikiwa na mtoto ninayemjua kwa jina.

2. Mila yenyewe ikoje?

Ukisikia "mtoto amepewa bunduki" unaona mtoto anazunguka mtaani na silaha. Sivyo. Katika majimbo kama Wisconsin, Michigan na Pennsylvania, msimu wa kuwinda kulungu ni kama sikukuu. Wisconsin msimu mkuu wa bunduki ni siku tisa za Novemba, unaanza Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Pennsylvania kwa miaka mingi ulianza Jumatatu baada ya sikukuu hiyo, na shule nyingi zilikuwa zinafungwa siku hiyo. Mwaka 2019 ndipo siku ya kufungua ikahamishwa hadi Jumamosi.

Familia zinaenda msituni pamoja. Nyama inagawanywa na kuwekwa kwenye friza, inaliwa mpaka msimu wa baridi uishe. Babu, baba na mjukuu wanakaa kimya masaa mengi wakingoja mnyama. Mzee ambaye mwaka mzima haongei na mjukuu wake, siku hizo anaongea naye.

Na kuna masharti. Wisconsin, yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1973 lazima apite somo la usalama wa uwindaji kabla ya kununua leseni yake ya kawaida. Mtoto wa miaka 12 ama 13 mwenye cheti bado lazima aandamane na mzazi ama mlezi. Wanafundishwa kanuni nne: chukulia kila bunduki kwamba ina risasi, usielekeze mtutu kwa kitu ambacho hutaki kukipiga, hakikisha unachokilenga na kilicho nyuma yake, kidole kisiguse pa kufyatulia mpaka uwe tayari. Na wote wanavaa rangi ya kung'aa ili mtu asidhaniwe mnyama.

Kwa kawaida bunduki ya kwanza ni ndogo, mara nyingi ile ya risasi za .22, inayoingia risasi moja kwa wakati mmoja. Mtoto akikosa shabaha, hana ya pili. Lazima atulie na afikirie.

Sasa nikiangalia mambo haya yote, naona zawadi kubwa ni ile miaka ya mzee kukaa kando ya mtoto. Bunduki inakuja mwisho. Samaki mkunje angali mbichi, na hawa wanakunja samaki kwa njia yao. Anayewaita washenzi hajawaelewa.

3. Haki nayo?

Hapa ndipo siasa huingia. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani yaliidhinishwa mwaka 1791. Yanataja wanamgambo na yanataja haki ya watu kuwa na silaha. Neno uwindaji halimo. Neno mtoto halimo. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ya huko ilisema haki hiyo ni ya mtu binafsi, hasa kujilinda nyumbani kwake, lakini ikasema pia kwamba haki hiyo ina mipaka.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bunduki ndefu mtu aliye chini ya miaka 18, na bastola aliye chini ya miaka 21. Lakini haimkatazi mzazi kumpa mwanawe bunduki ndefu. Hapo kila jimbo linajipangia. Wisconsin mwaka 2017 iliondoa kabisa umri wa chini kwa mtoto anayewinda akiwa kando ya mtu mzima wa kumwongoza.

Kwa hivyo mwanasiasa wa huko akisema "wanataka kufuta mila yetu", mara nyingi anatetea haki kwa kuivisha nguo za mila. Babu na mjukuu msituni wanapendeza kwenye picha. Lakini sheria anayoipinga pengine inahusu bastola mjini ama kufuli la nyumbani. Haimgusi huyo babu.

Na upande wa pili una ujanja wake. Ukitokea mkasa wa shule, wanaotaka vizuizi wanaongea kana kwamba kila mwindaji wa kijijini ni mshukiwa. Wanasahau kwamba kuna kodi ya asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na tangu sheria ya mwaka 1937 pesa hizo zinaenda kuhifadhi wanyamapori. Wawindaji wamelipia misitu ile.

4. Hatari iko wapi?

Mwaka 2013, Kentucky, mtoto wa miaka mitano alimpiga risasi dadake wa miaka miwili akafa. Bunduki ilikuwa ya .22, zawadi yake mwenyewe, iliyotengenezwa kwa saizi ya watoto. Ilikuwa imewekwa kona ya nyumba, na hakuna aliyejua kwamba risasi moja ilikuwa imebaki ndani.

Mwaka 2021, Michigan, wazazi walimnunulia kijana wa miaka 15 bastola kama zawadi ya mapema ya Krismasi. Siku nne baadaye aliua wanafunzi wanne shuleni kwake. Mwaka 2024 wazazi wote wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, kila mmoja akafungwa miaka 10 hadi 15.

Angalieni tofauti. Ile ya Kentucky ilitoka kabisa ndani ya mila: familia ya mashambani, bunduki ndogo, zawadi. Ile ya Michigan haikuwa na uwindaji wowote. Kinachounganisha mikasa hii miwili ni kwamba mtoto aliifikia silaha bila mtu mzima kando yake.

Na kuna jambo ambalo kwenye mijadala halisemwi sana kwa sababu halina kelele. Tangu mwaka 2020, risasi ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa Marekani wa miaka 1 hadi 19, ikapita ajali za magari. Ajali za bunduki ni sehemu ndogo ya vifo hivyo. Vingi ni mauaji. Na sehemu kubwa inayofuata ni vijana waliojiua.

Nataka tukae hapo kidogo. Kanuni nne za uwindaji zinamlinda mtoto asimpige mwenzake kwa bahati mbaya. Hazimlindi na usiku mmoja mbaya. Kijana wa miaka kumi na minne aliyeachwa na mpenzi, aliyechekwa shuleni, anaweza kuwa na cheti na nidhamu yote ya msituni. Usiku huo cheti hakimsaidii. Kinachomsaidia ni kwamba funguo ziko kwa mtu mwingine, na mpaka asubuhi ifike awe bado yuko hai, mtu aongee naye.

Florida ndilo jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kumwajibisha mtu mzima anayeacha silaha mahali mtoto anaifikia, mwaka 1989. Michigan ilianza kutekeleza yake Februari 2024. Sheria za namna hii hazimnyang'anyi mzee mila yake. Zinamwambia afunge.

5. Tukirudi huku kwetu

Anayesema "tuige Marekani" anasahau kwamba Kenya hakuna msimu wa kuwinda. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuacha nafasi hata kwa anayewinda kitoweo. Katiba yetu ya 2010 haina haki ya kumiliki bunduki. Huku silaha ni leseni, unaiomba, na inaweza kufutwa. Kwa hivyo ukichukua hoja ya babu na mjukuu ukaileta Nairobi, umeleta paa bila nyumba.

Lakini pia tusijifanye kwamba sisi hatukuwa na mila hiyo. Wata, wale ambao wengi waliwaita Waliangulu, waliwinda ndovu kwa upinde mzito na mshale wa sumu katika nchi ambayo leo ni Tsavo. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1948, na kufikia operesheni ya 1956 na 1957 walikamatwa na kufungwa kama majangili. Miaka mingi kabla ya hapo, yaani mwaka 1909, rais mstaafu wa Marekani alikuwa ameshuka Mombasa na mwanawe, wakaua wanyama zaidi ya 500 baina yao, na ulimwengu ukaita safari ile tukufu. Baba Mzungu akimfundisha mwanawe kuwinda ilikuwa mila. Baba Mwata akimfundisha wake ilikuwa uhalifu. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani akataja "mila", muulize: mila ya nani, na nani aliamua?

Na kule kaskazini, kuna maboma ambako kijana anaachiwa bunduki na baba yake alinde mifugo. Huo si uwindaji. Ni watu ambao wanaona polisi wako mbali na wavamizi wako karibu. Ukienda kuwanyang'anya silaha bila kuwapa usalama, wataificha. Ukiwaacha nayo, jirani naye atatafuta yake. Hilo ni tatizo la serikali kufika ama kutofika, na hoja ya Wisconsin haitalitatua.

6. Nilichomwambia dadangu

Waswahili wana maneno mawili hapa. Wanasema mwacha mila ni mtumwa. Tena wanasema mtoto akililia wembe, mpe. Lakini la pili husemwa kwa mtoto mkaidi, ajifunze kwa kukatwa. Wembe unakata kidole, kinapona. Bunduki haitoi somo la pili.

Nikamwambia: Dada, usimwambie baba mkwe wako "hapana". Ukimwambia hapana, umemwambia kwamba yeye na wanawe walilelewa vibaya, na hatakusikia tena. Mwambie "asante, Baba, na haya ndiyo masharti ya mama". Moja, kijana amalize somo kwanza. Mbili, bunduki ikae kwa babu, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, risasi kando. Tatu, funguo asizijue mtoto, hata akifika miaka kumi na saba. Nne, mwaka ambao kijana hana raha, haendi, na hakuna wa kumcheka.

Babu amekubali matatu ya kwanza. La nne wanaendelea kulizungumza. Mzee anasema msituni ndipo kijana asiye na raha hupona. Pengine ana ukweli wake. Dadangu naye ana wake. Mimi nimesimama na dadangu, na nimemwambia mzee hivyo kwa heshima.

7. Maswali ya kubeba

Safari ijayo mtu akileta hoja ya bunduki kwenye mjadala, kabla hamjatukanana, muulizeni haya:

Unaongea kuhusu bunduki gani, ndefu ya kuwindia ama bastola?
Nani ana funguo?
Mtu mzima yuko wapi wakati mtoto anaishika?
Unatetea mila, ama unatetea haki kwa jina la mila?
Na kama unaipendekeza Kenya, ni tatizo gani la Kenya inalotatua?

Asiyeweza kujibu hata mawili, huyo anatafuta makofi. Mwacheni apige kelele, ninyi endeleeni na mjadala.

Nimemaliza. Wenye hoja tofauti karibuni hapo chini, hasa mlioishi kule na mlio kaskazini, kwa sababu ninyi mnaona kile ambacho sisi tunasoma. Matusi nitafuta.