Goti la Mtoto Bado Linakua

 Leo nina neno na wazazi na walimu wa michezo.

Msichana wa miaka 13 anakimbiza mpira, anageuka ghafla, goti linatoa mlio: ta! Hakuna aliyemgusa. Jua halijatua, goti limeshavimba. Uvimbe wa haraka hivyo mara nyingi ni damu ndani ya kiungo, na huenda kano ya msalaba ya mbele, iliyo ndani ya goti, imekatika. Wasichana huumia hivi zaidi kuliko wavulana wa mchezo huohuo.

Nawasihi, msimkande. Kano iliyokatika haiungwi kwa mafuta wala maji moto. Mpumzisheni, mwekeeni kitambaa cha maji baridi, mguu uinuliwe, kisha mpelekeni hospitali. Ile ya rufaa ya kaunti yetu iko Wote. Mkiambiwa eksirei ni safi, msiondoke bado. Eksirei huonyesha mfupa, kano haionekani. Ombeni daktari wa mifupa amshike muundi na kuuvuta mbele taratibu. Mkono uliozoea hugundua mengi hata kabla ya kipimo cha MRI.

Kwenye matibabu ndipo mtoto anapotofautiana na mtu mzima. Karibu theluthi mbili ya urefu wa mguu huongezeka kwenye gegedu za ukuaji, juu na chini ya goti. Kwa wasichana hufunga kwenye miaka 14 hivi, wavulana 16. Upasuaji wa watu wazima hutoboa mfupa ili kupitisha kano mpya. Tundu likiharibu gegedu hizo, mguu unaweza kupinda au kubaki mfupi. Ndiyo maana zamani madaktari walisema, tungoje akue. Lakini goti linaloyumba, mtoto akiendelea kulichezea, husaga vigegedu vya ndani ya kiungo, na hasara hiyo hairudi. Siku hizi zipo mbinu za kuzikwepa gegedu za ukuaji. Basi muulizeni daktari bila aibu: mwanangu amebakisha kukua kiasi gani, na kano mtaipitisha wapi? Wengine hutibiwa kwa mazoezi pekee, mradi waache kabisa michezo ya kugeuka-geuka.

Akipasuliwa, asirudi uwanjani kabla ya miezi 9. Mwaka mzima ni bora. Mwalimu, mashindano ya muhula yasikuharakishe, kwani kwa vijana kano mpya hukatika tena kwa wepesi. Kwanza aruke na kutua kwa mguu ule uliopasuliwa pekee, mara nyingi, na goti lisilegee kuingia ndani.