Meno ya Kanisani

Shangazi yangu anaishi upande wa Kilungu, kule Makueni ambako baridi ya Julai humfanya mtu akumbatie jiko. Amevuka miaka 70 na ana meno ya bandia, ya juu na ya chini. Jumapili huyavaa mapema, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kanisani na kusalimia watu kwa tabasamu pana. Ibada ikiisha na sahani zikianza kupitishwa, hujigeuza pembeni kidogo, akayatoa, akayafunga kwenye hankachifu na kuyatia mkobani. Halafu anakula muthokoi kwa ufizi.

Msikilizaji, nilipomwona mara ya kwanza nilicheka. Aliponifungulia mdomo nikakoma kucheka. Kwenye ufizi wa chini, kushoto, palikuwa na kidonda chenye urefu wa punje ya mchele, cheupe katikati na chekundu pembeni. Akiyavua siku mbili tatu kinanywea. Akiyavaa kinaamka. Kimekuwa hivyo tangu Krismasi, na siku hiyo tulikuwa tumeshaingia Machi.

"Shangazi, mbona hukurudi kwa daktari?"

"Mwanangu, nirudi na nini? Nauli ni ya kwenda na kurudi, na nikifika nitaambiwa nilipe tena. Halafu waliniambia nitazoea."

Jioni hii nina ugomvi na neno hilo, nitazoea.

Kuzoea kupo, sikatai. Wiki za kwanza mate hujaa mdomoni kana kwamba umefyonza ndimu, ulimi haujui pa kulala, na maneno yenye sauti ya s yanatoka na mluzi. Hayo huisha. Anayesoma gazeti kwa sauti nyumbani, akala vyakula laini vilivyokatwa vidogo na kutafuna pande zote mbili kwa pamoja, huyazoea upesi zaidi. Kidonda hakimo katika orodha hiyo. Ufizi si kisigino, kwamba ukisuguliwa sana utaota sugu na mambo yaishe.

Watu wa Kitui mtanielewa nikisema habari ya punda. Punda anayebeba mitungi ya maji kutoka mtoni hutandikwa magunia mgongoni. Mvua ikiwa nzuri na majani yapo, mgongo umejaa na tandiko linakaa. Kiangazi kikija punda anakonda, tandiko lile lile linaanza kucheza, na baada ya siku chache mgongo umechubuka. Hakuna mwenye punda mwenye akili anayemwambia punda azoee. Anaongeza gunia, analikunja upya, anahakikisha halisugui penye kidonda.

Taya lisilo na meno ni mgongo huo. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishikilia unakosa kazi na kuanza kupungua, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, kisha polepole maisha yote. Mtafiti Antje Tallgren aliwafuatilia watu wenye meno ya bandia kwa miaka 25, na mwaka 1972 akachapisha alichokiona: taya la chini hupungua takriban mara nne zaidi ya la juu. Ndiyo maana malalamiko mengi ni ya chini. Seti ya juu ina paa zima la mdomo la kujishikiza, mate yakiwa kama gundi. Ya chini inakaa juu ya ukingo mwembamba, na ulimi unaisukuma mchana kutwa. Kwa hiyo meno yaliyokaa sawasawa miaka mitano iliyopita yanaweza kukuumiza leo bila yenyewe kubadilika hata kidogo. Uliyebadilika ni wewe.

Dawa yake ina jina ambalo fundi cherehani yeyote wa soko la Kalundu anaweza kukufafanulia: kutiwa bitana. Daktari anachukua kipimo kipya cha ufizi, kisha upande wa ndani wa meno unawekewa tabaka jipya linalolingana na mdomo wa leo. Na pale panapouma mahali pamoja tu, mara nyingi inatosha kupunguza kidogo sehemu inayogusa.

Kupunguza huko, tafadhali, usikufanye mwenyewe. Nimesikia ya tupa, ya msasa, ya kisu cha jikoni. Nimesikia ya mzee aliyebandika meno yaliyovunjika kwa gundi ya viatu. Gundi hiyo ni sumu mdomoni, na vipande vikishikana vibaya hata fundi hodari atashindwa kuvirudisha. Maji ya moto nayo hupinda plastiki, kwa hiyo usiyachemshe ukidhani unaua viini. Yasugue kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida juu ya beseni lenye maji, yasije yakakuponyoka na kuvunjika. Usiku yavue, uyalaze ndani ya maji safi. Ufizi unahitaji usingizi kama wewe.

Kuna jambo moja nisilotaka kulifanyia mzaha. Kidonda cha mdomoni kinachopita wiki 2 bila kupona lazima kionwe na daktari, hata kama una uhakika kimeletwa na meno. Saratani ya mdomo huweza kuanza kimya kimya namna hiyo.

Mtu atauliza, kwani si wazee wayaache tu, wale uji? Anayeuliza hivyo hajakaa Ukambani. Isyo ni mahindi na maganda yake, nzuu, yaani mbaazi, zinataka kutafunwa, na mbuzi wa kuchoma hahitaji maelezo. Meno kamili ya bandia, hata yaliyotengenezwa vizuri, huuma kwa nguvu ya robo tu ya meno ya asili, au chini ya hapo. Nashuku wazee wetu walilijua tatizo: muthokoi ni mahindi yaliyokwisha kuvuliwa maganda kinuni, kwa hiyo mchi umefanya nusu ya kazi ya magego. Shangazi anaumudu kwa sababu hiyo. Maembe anayanyonya.

Wala tusimcheke kwa kuyavaa kanisani. Uzuri wa meno ni jambo la zamani kwetu. Mswidi Gerhard Lindblom, katika kitabu chake cha mwaka 1920 juu ya Wakamba, alieleza jinsi watu walivyochonga meno ya mbele yakawa na ncha, na hilo lilikuwa pambo. Mtu ana haki ya kutabasamu. Ila asilazimike kuchagua kati ya tabasamu na chakula.

Sasa pesa. Meno ya bandia hayamaliziki siku unapoyachukua. Kurudi kurekebishwa ni sehemu ya kazi, kama fundi anavyokupima suti mara ya pili. Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi, uliza: bei hii ina safari ngapi za marekebisho? Akikwambia hakuna, au akiwa ni yule wa kupimia watu sokoni na kuhama wiki inayofuata, ondoka.

Nazo kaunti zetu zisikie. Makueni ndiyo iliyoanzisha mpango wa matibabu wa MakueniCare mwaka 2016, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, na Kenya nzima ikaja kujifunza. Siku moja kwa mwezi ya kurekebisha meno ya wazee, katika miji ya Wote na Kitui, kisha Mwingi, Mutomo na Kibwezi, haitashinda hilo kwa ugumu. Haihitaji jengo jipya. Inahitaji daktari wa meno, fundi wake, na mashine ya kusagia inayoingia mkononi.

Shangazi nilimpeleka mwenyewe, mwezi wa nne. Daktari alipaka kitu cheupe ndani ya meno, akamwambia aume, akayatoa, akaona palipogusa, akasaga. Nilikuwa natazama saa: dakika 12. Alitusifu kwa jambo moja, kwamba shangazi alikuja ameyavaa tangu asubuhi, maana yakikaa mkobani alama ya kidonda hufifia na daktari hubaki anabahatisha.

Basi wewe mwenye meno kwenye hankachifu, kabatini au chini ya mto: siku ya kwenda kliniki yavae tangu asubuhi, uende nayo mdomoni.